Msamaha wa Rais na vita vya Marekani dhidi ya magenge ya dawa za kulevya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tarehe 1 Desemba 2025, Juan Orlando Hernández, aliyekuwa Rais wa Honduras, alitoka katika gereza la Hazelton, jimbo la West Virginia, kwa msamaha wa Rais Donald Trump. Alikuwa anatumikia kifungo cha miaka 45 kwa kosa la kupitisha kokeini kwenda Marekani. Siku hiyo hiyo Ikulu ya Marekani ilikuwa ikijibu maswali ya waandishi kuhusu boti iliyopigwa mara mbili na jeshi katika bahari ya Karibi tarehe 2 Septemba, kwa madai kwamba ilibeba dawa za kulevya. Watu 11 waliokuwa ndani yake walikufa wote, na hakuna hata mmoja aliyepata kufikishwa mbele ya hakimu.

Wengi wanauliza mambo haya mawili yanakaaje pamoja. Majibu yafuatayo yanajaribu kueleza sheria inasema nini na imetumikaje.

Mamlaka ya kusamehe yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya Pili, Fungu la Pili. Sentensi ni moja tu: Rais anaweza kuahirisha adhabu na kutoa msamaha kwa makosa dhidi ya Marekani, isipokuwa pale kiongozi anaposhtakiwa na Bunge ili aondolewe madarakani. Waliotunga Katiba mwaka 1787 waliyachukua mamlaka haya kutoka kwa wafalme wa Uingereza, wakayaacha karibu kama yalivyokuwa. Mahakama ya Juu nayo imeyalinda. Katika kesi ya Garland, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilisema Rais anaweza kusamehe wakati wowote baada ya kosa kutendeka, hata kabla ya mtu kufunguliwa mashtaka, na Bunge haliwezi kumwekea mipaka.

Msamaha na kupunguziwa adhabu ni kitu kimoja?

Hapana. Anayesamehewa huondolewa adhabu yote na kurudishiwa haki zake. Anayepunguziwa adhabu hufupishiwa kifungo tu, ila hukumu inabaki pale pale: bado ni mtu aliyetiwa hatiani. Hernández alipata msamaha kamili.

Basi hakuna mipaka kabisa?

Ipo michache. Msamaha wa Rais unagusa makosa ya serikali kuu tu. Mtu aliyehukumiwa na mahakama ya jimbo, tuseme Texas au New York, hana la kumwomba Rais. Huyo atamwendea gavana au bodi ya jimbo lake. Pia Rais hawezi kusamehe kosa ambalo bado halijatendeka. Kama anaweza kujisamehe mwenyewe, hakuna mahakama iliyowahi kuamua. Wanasheria wa Wizara ya Sheria walisema hawezi, katika waraka wa tarehe 5 Agosti 1974, siku nne kabla Richard Nixon hajaachia madaraka.

Utaratibu wa kawaida upo. Kuna ofisi ndani ya Wizara ya Sheria inayopokea maombi, na kanuni zake zinamtaka mwombaji asubiri miaka 5 baada ya kutoka gerezani. Kanuni hizo hazimfungi Rais. Akitaka kusaini leo kwa mtu ambaye faili lake halijawahi kufika ofisini humo, anasaini.

Hernández alifanya nini hasa?

Alitawala Honduras tangu 2014 hadi 2022. Wiki chache baada ya kuondoka Ikulu alikamatwa nyumbani kwake Tegucigalpa, na Aprili 2022 akapelekwa New York. Machi 2024 baraza la wazee wa mahakama huko Manhattan lilimtia hatiani kwa kula njama ya kuingiza kokeini na kwa makosa ya silaha. Juni mwaka huo Jaji Kevin Castel akamhukumu miaka 45 na faini ya dola milioni 8. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, mtandao aliousaidia ulipitisha zaidi ya tani 400 za kokeini kuelekea Marekani, naye akauweka chini ya ulinzi wa polisi na jeshi la nchi yake huku akipokea fedha za kampeni. Shahidi mmoja baada ya mwingine alikuwa mtu wa genge aliyeeleza jinsi alivyotoa rushwa.

Kabla yake alitangulia mdogo wake, Tony Hernández, aliyewahi kuwa mbunge. Huyo alitiwa hatiani Oktoba 2019 na baadaye akafungwa maisha. Nautaja mwaka huo kwa sababu Rais Trump alipotangaza msamaha alisema kesi ya Juan Orlando ilikuwa njama ya serikali ya Joe Biden. Mwaka 2019 aliyekuwa Ikulu ni Trump mwenyewe, na waendesha mashtaka wa ofisi ile ile ya Manhattan walikuwa tayari wamelileta jina la kaka mtu mahakamani.

Msamaha ulitangazwa siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Honduras wa tarehe 30 Novemba 2025, katika kipindi kile kile ambapo Trump alikuwa akiwahimiza wapiga kura wamchague Nasry Asfura, mgombea wa chama cha Hernández.

Je, sasa hawezi kukamatwa tena?

Marekani hawezi kurudishwa gerezani kwa makosa yale. Kwingineko msamaha ule ni karatasi tu. Honduras ina sheria zake, na siku chache baada ya yeye kuachiwa, Mwanasheria Mkuu wa nchi hiyo aliagiza akamatwe kwa kesi nyingine ya huko nyumbani.

Marais waliotangulia hawakuwasamehe watu wa dawa za kulevya?

Waliwasamehe, tena wengi, na hapa inafaa tutulie kidogo, maana kuna misamaha ya kila namna.

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali mno. Mtu aliyekamatwa na gramu 5 za kokeini ya mawe, ile inayovutwa mitaani, alipewa kifungo cha chini cha miaka 5. Ili kupata kifungo hicho hicho kwa kokeini ya unga, iliyopendwa na wenye fedha, ilibidi ukamatwe na gramu 500. Waliojaa magerezani kutokana na sheria ile walikuwa hasa Wamarekani weusi maskini. Bunge lilirekebisha kiwango mwaka 2010, lakini waliokwisha kufungwa wakaachwa ndani. Ndipo msamaha ulipofanya kazi yake. Barack Obama alipunguza adhabu za watu 1,715, walio wengi wakiwa wafungwa wa dawa za kulevya. Biden, siku tatu kabla ya kuondoka Januari 2025, alipunguza za karibu watu 2,500 kwa mpigo. Trump naye, mwaka 2018, alimtoa Alice Johnson, bibi aliyekuwa amefungwa maisha tangu miaka ya 1990 bila kosa lolote la kumwaga damu. Kwa watu kama hawa mamlaka ya kusamehe ni jambo la heri, na anayetaka yafutwe kabisa awafikirie wao kwanza.

Yako pia mengine. Bill Clinton, katika siku yake ya mwisho madarakani mwaka 2001, alimsamehe mdogo wake mwenyewe, Roger, aliyewahi kufungwa kwa kokeini. Januari 2025 Trump alimsamehe Ross Ulbricht, mwanzilishi wa Silk Road, soko la mtandaoni la dawa za kulevya, aliyekuwa na kifungo cha maisha. Hata hivyo, mkuu wa nchi aliyetiwa hatiani kwa kuligeuza dola zima kuwa njia ya kokeini, kisha akasamehewa baada ya miaka mitatu na ushei mikononi mwa Marekani, huyo ni wa aina yake. Huku kwetu tumezoea kulalamika kwamba wanakamatwa dagaa, mapapa wanaachwa. Hernández alikuwa papa, alikamatwa, na hatia yake ikathibitishwa mahakamani hatua kwa hatua.

Jeshi lilianzaje kupiga boti?

Siku ya kuapishwa kwake, tarehe 20 Januari 2025, Trump alisaini amri ya kuyaingiza magenge katika orodha ya makundi ya kigaidi. Mwezi uliofuata makundi manane yaliingizwa, yakiwemo Sinaloa na Jalisco ya Mexico, MS-13, na Tren de Aragua ya Venezuela. Septemba 2 boti ya kwanza ikapigwa Karibi. Kufikia Oktoba mashambulizi yalikuwa yamevuka hadi mashariki mwa bahari ya Pasifiki. Novemba Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, aliyapa jina, Operesheni Southern Spear, na manowari kubwa kuliko zote za kubeba ndege, USS Gerald R. Ford, ikasogezwa eneo hilo. Mwaka 2025 ulipokwisha waliouawa walikuwa wamezidi 100.

Kundi likiitwa la kigaidi, sheria inaruhusu kulipiga mabomu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Orodha ile inaruhusu serikali kuzuia fedha za kundi, kuwanyima viza watu wake, na kumshtaki yeyote anayelisaidia. Haina kifungu cha kuua. Idhini ya Bunge ya mwaka 2001, iliyotumika dhidi ya Al-Qaeda, iliwahusu waliohusika na mashambulizi ya Septemba 11, na magenge ya kokeini hayamo.

Serikali imeegemea hoja nyingine. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 iliwaarifu wabunge kwamba Marekani iko katika mgogoro wa kivita na magenge haya, na kwamba walio kwenye boti ni wapiganaji. Wataalamu wengi wa sheria za vita waliipinga hoja hiyo, na sababu yao si ngumu kuielewa: mgogoro wa kivita unahitaji pande mbili zinazopigana kwa silaha. Kuuza sumu ni uhalifu mkubwa, unaua watu wengi, lakini anayesafirisha mzigo hajamshambulia mtu kwa silaha. Volker Türk, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alisema mwishoni mwa Oktoba kwamba mashambulizi haya yanavunja sheria za kimataifa.

Kabla ya hapo boti hizi zilishughulikiwaje?

Kazi ilikuwa ya Walinzi wa Pwani, na bado wanaifanya. Helikopta huifuata boti, mlengaji akafyatua risasi za onyo, na boti ikikataa kusimama anapiga injini zake. Boti ikishazimika askari wanapanda, wanapima unga, wanawatia pingu mabaharia na kuwapeleka mahakamani. Katika mwaka wa fedha wa 2025 Walinzi hawa walinasa zaidi ya tani 200 za kokeini, kiasi ambacho hawakuwahi kukifikia. Na aliyekamatwa hai ana faida ambayo maiti haina: anasema mzigo ni wa nani. Kesi ya Hernández ilijengwa na watu waliokamatwa wakaamua kuzungumza.

Waliouawa ni akina nani?

Majina yao hayakutolewa na serikali ya Marekani. Waandishi wa shirika la habari la AP walikwenda kwenye rasi ya Paria, kaskazini-mashariki mwa Venezuela, wakazungumza na ndugu na majirani. Walikuta mchanganyiko: mvuvi aliyekuwa akipata dola 100 kwa mwezi, dereva wa basi aliyekwama kimaisha, na pia mhalifu wa siku nyingi. Kwa safari moja walikuwa wakilipwa dola 500 na kuendelea. Wengi walikuwa wamebeba unga kweli, na ni vibaya kuwageuza wote kuwa malaika. Ila adhabu ya kubeba kokeini katika mahakama za Marekani ni kifungo, si kifo.

Kuna tukio moja la kutazamwa kwa karibu. Tarehe 16 Oktoba kilipigwa chombo cha aina ile inayosafiri nusu mwili ukiwa chini ya maji. Watu wawili walinusurika. Kama kweli walikuwa wapiganaji wa adui, au hata wahalifu tu, ungetegemea wazuiliwe na kushtakiwa. Jeshi liliwaokoa, kisha likawarudisha makwao, mmoja Kolombia na mwingine Ekuador. Ekuador ilimwachia wa kwake kwa kukosa ushahidi wa kosa lolote alilotenda nchini humo.

Kwa nini shambulio la pili la Septemba 2 limezua makelele zaidi?

Kwa sababu baada ya kombora la kwanza watu wawili walibaki hai, wameshikilia mabaki ya boti. Wakapigwa tena. Ikulu ilisema amri ilitolewa na Admirali Frank Bradley, na kwamba alikuwa ndani ya mamlaka yake.

Mkataba wa Pili wa Geneva wa mwaka 1949 unawalinda waliovunjikiwa chombo baharini, hata wakiwa askari wa adui katika vita halali. Kitabu cha sheria za vita cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani kinapoeleza ni amri gani askari anapaswa kuikataa waziwazi, kinatoa mfano wa amri ya kuwafyatulia risasi waliovunjikiwa chombo. Ukikubali hoja ya serikali kwamba hii ni vita, unakutana na mkataba huu. Ukiikataa, unabaki na sheria ya kawaida ya mauaji. Sijaona njia ya tatu.

Rais anaweza kuwasamehe askari na maafisa waliohusika?

Anaweza, na hapa ndipo mamlaka haya mawili yanaposhikana mikono. Makosa chini ya sheria za kijeshi ni ya serikali kuu, kwa hiyo msamaha unayafikia. Anaweza kuutoa hata kesho, bila mashtaka wala uchunguzi. Na kwa kuwa mambo yametendeka bahari kuu, mbali na jimbo lolote, ni vigumu kuona mahakama nyingine ya ndani ya Marekani ingepata wapi nguvu ya kuwagusa.

Mfano upo. Novemba 2019 Trump alimsamehe Clint Lorance, afisa wa jeshi aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa mauaji ya Waafghanistan wawili. Desemba 2020 aliwasamehe walinzi wanne wa kampuni ya Blackwater waliohukumiwa kwa mauaji ya raia katika uwanja wa Nisour, Baghdad, mwaka 2007. Rais mwenyewe naye ana kinga yake: Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hawezi kushtakiwa kwa jinai kutokana na mamlaka ya msingi aliyopewa na Katiba, na ilitaja msamaha miongoni mwake.

Kwa hiyo mvuvi wa Paria alihukumiwa bila mahakama, Hernández akaondolewa hukumu ambayo mahakama ilikwisha itoa, na aliyefyatua kombora anaweza kuondolewa kesi ambayo mahakama haijaisikia. Mara zote tatu kalamu ni ya mtu mmoja. Hilo ndilo linalonitisha kuliko swali la nani ni mbaya na nani ni mwema.

Bunge liko wapi?

Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita. Sheria ya mwaka 1973, iliyopitishwa licha ya Nixon kuikataa, inamtaka Rais aliarifu Bunge ndani ya saa 48 na kusitisha mapigano baada ya siku 60 asipopewa idhini. Siku 60 zilipokaribia kwisha, serikali ilisema sheria haihusiki kwa kuwa askari wa Marekani hawako hatarini, wanapiga kutoka mbali. Seneti ilipiga kura kujaribu kuzuia: tarehe 8 Oktoba ikashindikana kwa 48 dhidi ya 51, na tarehe 6 Novemba, safari hii kuhusu Venezuela, kwa 49 dhidi ya 51.

Na Maduro?

Nicolás Maduro, aliyekuwa Rais wa Venezuela, alishtakiwa New York tangu Machi 2020 kwa ugaidi wa dawa za kulevya, na zawadi ya kumkamata ilipanda hadi dola milioni 50. Tarehe 3 Januari 2026 majeshi ya Marekani yaliivamia Caracas, yakamchukua yeye na mkewe, Cilia Flores. Siku mbili baadaye alisimama mahakamani Manhattan akakana mashtaka yote.

Kwa utaratibu huu kuna aliyemtangulia. Manuel Noriega wa Panama alijisalimisha kwa Wamarekani tarehe 3 Januari 1990, miaka 36 kamili kabla, baada ya uvamizi wa Desemba 1989. Mawakili wake walisema ana kinga ya mkuu wa nchi na kwamba alichukuliwa kinyume cha sheria. Mahakama zilikataa, na mwaka 1992 akahukumiwa miaka 40. Msimamo wa mahakama za Marekani ni wa zamani: namna mshtakiwa alivyoletwa haifuti kesi.

Ndiyo, Rais anaweza kumsamehe Maduro pia, akitaka.

Boti hizi ndizo zinazopeleka fentanili?

Kwa kiasi kikubwa, hapana. Fentanili, dawa kali ya kulevya ya maabara inayowaua Wamarekani, hutengenezwa Mexico kwa kemikali kutoka China na huvushwa mpaka wa nchi kavu, nyingi ikifichwa kwenye magari yanayopita vituo halali. Kinachopita baharini kutoka Amerika Kusini ni kokeini.

Haya yanatuhusu vipi Afrika Mashariki?

Kwa njia mbili za moja kwa moja. Ya kwanza ni kwamba mahakama ile ile ya serikali kuu huko Manhattan ndiyo iliyowahukumu ndugu wa Akasha wa Mombasa. Baktash na Ibrahim walipelekwa Marekani Januari 2017 baada ya maofisa wa Marekani kuwategea mtego wa kilo 99 za heroini. Walikiri, na wakahukumiwa Baktash miaka 25 na Ibrahim 23. Rais wa Kenya hana uwezo wa kuwasamehe. Wa Marekani anao.

Ya pili ni bahari yetu. Heroini ya Afghanistan hushuka kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, hadi maji ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na manowari za muungano wa kimataifa huyavizia. Aprili 2014 meli ya Australia, HMAS Darwin, ilikuta zaidi ya tani moja katikati ya mifuko ya saruji, ndani ya jahazi lililokuwa karibu na pwani ya Kenya. Unga ukamwagwa baharini. Mabaharia wanaokamatwa kwenye operesheni za namna hii mara nyingi huachwa waende, kwa sababu hakuna mahakama iliyo tayari kuwapokea, na lawama kwamba huo ni ulegevu zina msingi. Hata hivyo watu wale wamerudi makwao hai.

Marais wetu nao wanaweza kusamehe namna hiyo?

Tanzania, Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo mpana, na tumezoea kuusikia siku za sherehe za kitaifa. Matangazo yake kwa kawaida huwaacha nje waliofungwa kwa kusafirisha dawa za kulevya. Kenya, tangu Katiba ya 2010, Ibara ya 133 inataka kuwe na ombi la mtu na ushauri wa kamati kabla ya Rais kusaini. Mwaka 1787 Wamarekani hawakuweka kamati ya namna hiyo, na kuiweka leo kwa nguvu ya sheria kungehitaji marekebisho ya Katiba: theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, kisha robo tatu ya majimbo.